Mama Suma kwenye Foleni ya Gurudumu

Jirani yangu Atuganile, ambaye sote pale Kizwite tulimwita Mama Suma, alikuwa anasinzia popote. Alisinzia kwenye foleni ya sukari, alisinzia kwenye mkutano wa nyumba kumi, na siku moja alisinzia huku anafuma sweta, sindano bado zinatembea mikononi, mpaka nikamwambia akizinduka atakuta limeota mkono wa tatu. Tulimtania sana. Mimi nilimtania kuliko wote, maana nina mdomo na wala sifichi. Nilimwita Mama Usingizi mbele za watu, na watu wakacheka, na yeye akacheka nao. Ningejua kwa nini halali, ningejiuma ulimi.

Haya ninayoyasimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu. Mengine alinieleza mwenyewe baadaye, tumekaa uani kwake tunachambua maharage.

Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, akaletwa Sumbawanga na kazi ya mumewe. Fanueli alikuwa bwana shamba, na miaka ile ya Operesheni Vijiji bwana shamba alikuwa na baiskeli, hakuwa na nyumba. Leo yuko Matai, kesho Msanzi, anapima mashamba ya watu waliohamishiwa vijiji vipya. Anarudi na vumbi na kikohozi, analala siku mbili, anaondoka tena. Mkewe alibaki na mtoto wao mmoja, Suma, na kazi ya kufuma masweta ya shule. Baridi ya kwetu Ufipa haina mchezo. Mtoto asiye na sweta mwezi wa saba anafika darasani meno yanagongana. Watoto wengi wa mtaa wetu walianza darasa la kwanza wamevaa kazi ya mikono ya Mama Suma, akiwemo binti yangu mkubwa, Agnesi.

Sasa niwaeleze habari ya gurudumu. Mwalimu Clemens, mwalimu mkuu wa shule ya jirani, alikuwa Mfipa mwenzangu, mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Yeye na vijana wake wa useremala walichukua ekseli ya lori bovu, wakaunda gurudumu la mbao lenye visanduku vinne, lililosimama juu kuliko paa la bati. Vijana wanne wa darasa la saba wanalizungusha kwa mikono, na mtoto aliyekaa kwenye kisanduku anapanda juu, anashuka, anapanda tena. Siku ya Saba Saba walilisimamisha uwanjani, na kuanzia hapo hakuna mtoto Sumbawanga aliyesikiliza hotuba.

Lakini si kila mtoto aliruhusiwa. Mwaka wa kwanza kitoto kimoja kilitaka kuteleza chini ya chuma cha kufungia kisanduku, kikadakwa. Tangu hapo Mwalimu Clemens akaleta uwanjani kipimo kile kile cha kuandikisha watoto shule. Wakati ule nani alikuwa na cheti cha kuzaliwa? Mtoto alipitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, akajaribu kushika sikio la kushoto. Ukifika, umri umefika. Usipofika, rudi kwa mama yako. Mwalimu alisema mkono unaofika sikioni una akili ya kushika chuma.

Mwaka wa 1974 Suma alijaribu, vidole vikaishia juu ya nywele. Alilia njia nzima. Mama yake, ili anyamaze, akamwambia maneno ambayo mama yeyote angesema: mkono ukifika sikioni, utapanda. Mtoto akayashika. Mwaka mzima ukipita kwao unamkuta mlangoni, mkono umekaa juu ya kichwa kama kata ya kubebea ndoo, anauvuta kwa mkono mwingine.

Mwezi wa tatu uliofuata, Suma akaanguka. Alikuwa anafagia uani, ufagio ukamtoka, akaenda chini, akakakamaa, povu mdomoni. Mara ya pili aliangukia karibu na jiko. Mama yake akambeba mgongoni mpaka hospitali, na daktari pale akampa vidonge vyeupe vya kumeza kila jioni na masharti: asikae peke yake karibu na moto, asiende mtoni, asipande mahali pa juu. Shule aende tu. Ugonjwa wenyewe akautaja kwa jina lake, kifafa.

Fanueli aliporudi safari akasikiliza yote, kisha akasema jambo moja, kwamba mtu wa nje asijue. Msimlaumu haraka. Kila mmoja wetu alikuwa anamfahamu yule mtoto wa kijiji cha bondeni aliyeanguka darasani. Wenzake walitoka mbio kupitia madirishani, na kuanzia siku ile alipewa sahani yake, kikombe chake, na pembe yake ya kukaa, na shule ikaishia hapo. Watu walisema povu linaambukiza. Hata mimi nilisema.

Basi Mama Suma akawa mlinzi. Usiku alilala kiganja chake kikiwa juu ya kifua cha mtoto, na mtoto akishtuka, naye alishtuka. Mchana alifuma huku jicho moja liko uani. Jirani akipiga hodi, alikwenda kwanza kumtazama Suma, kisha ndipo anafungua. Hakuwa na dada pale, hakuwa na mama mkwe. Alikuwa na mimi ukuta wa pili, nami namwita Mama Usingizi.

Saba Saba ya mwaka ule Suma aliamka kabla ya jogoo, akasimama mbele ya mama yake, akapitisha mkono juu ya kichwa. Vidole vilifika, vikafunika sikio zima. Mama akamwambia huwezi kupanda, unajua ugonjwa wako. Mtoto akajibu kwa upole kabisa, "Mama, uliniahidi."

Alinieleza kwamba angeweza kukataa asubuhi ile, akafunga mlango, yakaisha. Lakini alikuwa amekataa mambo miezi minne mfululizo. Mtoni usiende, motoni usikae, kwenye mpera usipande, na wenzako usicheze nao mbali. Hakuwa na hapana nyingine mwilini. Akajiambia twende tu, labda foleni itakuwa ndefu, labda ekseli itakatika. Na mimi nikawa nimeshafika mlangoni na mwanangu Adolfu, rika la Suma, kibuyu cha togwa begani, nawahimiza kwamba tutachelewa.

Kwenye foleni ndipo nilipompa habari niliyodhani ni njema. Mwaka ule nafasi za darasa la kwanza zilikuwa chache kuliko watoto, na Mwalimu Clemens, mtu asiyependa kufanya kazi mara mbili, alikuja na daftari lake uwanjani. Mtoto anayefika sikio anaandikwa jina papo hapo kwa ajili ya Januari, kisha anainuliwa na kuwekwa kwenye kisanduku. Asiyefika, mpaka Saba Saba nyingine. Nilimwambia Mama Suma ana bahati, maana mkono wa Suma niliuona mwenyewe mlangoni, unafika na kupitiliza.

Alifumba macho. Nilidhani anasinzia kwa kusimama.

Kumbe alikuwa anapiga hesabu yake ya uchovu. Suma akifika sikio, anaandikwa, lakini anainuliwa juu ya lile gurudumu, na kifafa kikimshika kule juu, chuma hakitamzuia mtu aliyekakamaa. Akimzuia asipande, watu watauliza kwa nini, na yeye hakuwa hodari wa kusema uongo. Asipofika, roho ya mtoto inapona, lakini shule inapotea mwaka mzima, na sweta la Suma lilikuwa limeshafumwa, liko kabatini. Watoto kumi mbele yetu wakawa sita, wakawa watatu. Adolfu akapita, akaandikwa, akapandishwa. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Suma akasogea. Mwalimu akamwambia pitisha mkono. Mtoto akaupandisha, kisha akageuka kumtazama mama yake.

Sijui aliona nini. Mimi nilimwona mwanamke aliyechoka, basi. Yeye aliona zaidi, maana mkono ule, nilioukuta asubuhi unashika sikio bila taabu, ulifika katikati ya kichwa ukasimama. Akakunja kiwiko kidogo. Vidole vikabaki juu ya nywele, pale pale vilipoishia mwaka uliopita.

"Haufiki, Mwalimu," akasema Suma.

Nikaropoka. Nilisema mtoto huyu anatania, mkono unafika, nyoosha mkono wewe. Suma hakunyoosha. Alitazama chini, mkono umebaki kichwani, na midomo ameibana kama mtu anayemeza kidonge kichungu. Alikuwa hana habari ya daftari, bado mdogo. Alichojua ni gurudumu tu, na gurudumu hilo alikuwa ameliacha.

Mwalimu Clemens akafunga daftari, kidole kimebaki kati ya kurasa. Akasema kwa sauti ya kawaida kwamba basi, huyu bado, na Januari asiletwe, aje Saba Saba nyingine, anayefuata.

Hapo Mama Suma akatoka kwenye mstari. Hakukimbia. Alitembea kama mtu aliyebeba debe la maji na anaogopa kulimwaga, akasimama mbele ya mwalimu.

"Unafika, Mwalimu," akasema. "Amekunja kiwiko kwa ajili yangu. Mwanangu ana kifafa. Kupanda hilo gurudumu hawezi, lakini shule anaweza. Daktari amesema."

Hakusema kwa kunong'ona. Foleni nzima ilisikia. Na sasa niseme la kwangu, kwa sababu nisiposema itakuwa nimeyasimulia haya ili nionekane mwema. Nilirudi nyuma. Hatua moja, mbili, na nilikuwa nimeshamvuta Adolfu, ambaye alikuwa ameteremka tu, nikamficha nyuma ya kanga yangu. Si mimi peke yangu. Palibaki duara la majani matupu, na ndani yake Mama Suma, mtoto wake na mwalimu. Adui hakuwepo, lakini sote tulikimbia.

Mwalimu Clemens alifungua tena daftari. Kisha akamwambia Suma ajaribu tena, na safari hii asimchezee. Suma akamtazama mama yake, mama akaitika kwa kichwa. Mkono ukapanda, ukashuka upande wa pili, ukashika sikio lote mpaka kwenye ndewe. Mwalimu akauliza kama dawa anakunywa. Mama akajibu kila jioni, hajakosa hata siku moja. Mwalimu akaandika jina, akauliza la baba, akaliandika pia. Akasema atamweka dawati la mbele, na kwamba siku ya kwanza mama aje mwenyewe amfundishe la kufanya mtoto akianguka, kwa sababu yeye hajui. Nilimfahamu mtu yule miaka mingi, na sikuwahi kumsikia akisema hajui.

"Na gurudumu?" Suma akauliza.

"Hilo hapana, mwanangu," akasema mama yake.

Ndipo mtoto akalia. Alilia kwa sauti, alijitupa chini, akapiga majani kwa miguu, na watu wakashtuka wakidhani ndiyo ameanza kuanguka. Mama yake hakushtuka. Aliujua mwili ule, alijua kilio ni kilio. Akakaa chini kando yake, miguu ameinyoosha mbele, akamwacha alie. Sikumbuki kumwona amekaa hivyo kabla, bila sindano, bila kugeuza shingo kutafuta kitu.

Nilisimama kando na kibuyu changu mpaka nikaona aibu ya kusimama. Asubuhi ile ile, njiani, Suma na Adolfu walikuwa wamekunywa togwa kwa kikombe kimoja, na mimi ndiye niliyewamiminia. Nikawaendea, nikajaza kikombe, nikampa Suma. Akanywa huku ana kwikwi, akanirudishia. Mama Suma alinitazama aone nitakifanya nini kikombe kile. Kilikuwa na togwa kidogo chini. Nikainywa yote, nikakaa.

Gurudumu lilikuwa linalia kwi, kwi, linazunguka na watoto wa watu. Nikamwambia pole, Mama Suma, na nikamuuliza kwa nini hakuniambia, siku zote hizi, ukuta wa pili tu.

"Kuuguza sijachoka, Mama Adolfu," akasema. "Nilichoka kuficha."

Akajilaza pale pale uwanjani, kichwa kwenye paja la mtoto wake, akafumba macho. Bendi ya shule ilipita karibu na ngoma zake, hakuzinduka. Suma alikuwa ameacha kulia. Aliweka kiganja juu ya kifua cha mama yake, akatulia nacho, na kila Adolfu alipotaka kusema akamwonyesha kwa kidole anyamaze.