Makofi Kwenye Kona

Siku tuliyocheza na vijana wa Kasulu naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na mama yako asisikie. Nilikuwa nahodha wa timu yetu hapa Kibondo. Uwanja wetu wa nyumbani ulikuwa ule wa zamani, njia ya Kitahana, ambako leo nyasi zimemeza magoli.

Zamani pale palikuwa mji wa watu, yaani makazi ya familia moja. Bibi Anastazia, mwenye mji ule, alitupatia eneo lile alipobaki peke yake. Mumewe na watoto wake wanne walikuwa wamezikwa kwenye kona ya juu, penye migomba. Hakutaka malipo. Alitaka kitu kimoja tu: kabla ya kila mechi nahodha aende kwenye kona ile, apige magoti, awapigie wale waliolala makofi ya taratibu, kama sisi Waha tunavyomwamkia mkubwa.

"Mkiwaamkia, hapa ni kwenu," alisema.

Manahodha wote walionitangulia walifanya hivyo. Mimi siku ile niliona haya. Wageni walikuwa wengi, na winga wetu, mwalimu aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali, alinitania: "Kepteni, unaenda kuamkia migomba?" Nikacheka naye. Nikasema wafu hawana haraka, watasubiri. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini nani alinishika sikio siku ile?

Kipindi cha pili ukungu ukashuka, saa kumi alasiri. Tukapata kona, ile ya juu. Nikaenda kupiga mwenyewe. Nilipouweka mpira chini nikasikia makofi nyuma yangu. Hayakuwa ya mashabiki. Yalikuwa ya taratibu, pa, pa, pa, kama ya mtu aliyepiga magoti. Nikageuka, nikaona migomba na ukungu tu. Makofi yakasogea karibu. Ilikuwa mikono mingi, mwanangu, na mingine ilikuwa ya watoto wadogo.

Nikauacha mpira pale pale bila kuupiga. Refa alikuja kunihimiza, filimbi mdomoni. Alipofika pale akasikia naye, akaitoa filimbi polepole, akarudi kinyumenyume. Mechi ikavunjika.

Asubuhi nilikwenda kwa Bibi, nikapiga magoti, nikapiga makofi hadi viganja vikawaka moto. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

"Wamekuamkia wao kwanza?" aliuliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Mjukuu wangu, mkubwa hatangulii kumwamkia mtoto wa nyumbani. Anayeamkiwa hivyo ni mgeni. Na mgeni huaga."

Tukaaga. Hakuna aliyekubali kucheza pale tena. Timu ikatangatanga kwenye viwanja vya shule, wachezaji wakaondoka mmoja mmoja, mwishowe ikafa. Watu husingizia ukungu. Mimi najua ni nani aliyeiua, na majuto ni mjukuu.

Sasa Jumamosi mnakabidhiwa uwanja mpya, na nahodha ni wewe. Kabla hamjachora mistari, uliza nani aliishi pale na nani amelala pale. Mwenye ardhi akikupa sharti, lishike, hata kama wenzako watakucheka. Anayekucheka leo hatakusaidia kubeba magoli siku mtakapohama. Usione haya kupiga magoti mbele ya watu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe miguu myepesi na magoti yasiyo na kiburi, na popote utakapokanyaga, wenye mahali wakupokee kama mtoto wao.