Karatasi za Mama kwenye Ukuta wa Mbele

Uani kwetu Likasi palinuka matete yaliyochemshwa kwa majivu, harufu nzito ya udongo na sabuni iliyoganda kwenye nguo zetu za shule hadi wenzangu wakawa wananitania kwamba nimelala dimbwini. Hiyo ilikuwa kazi ya mama. Matete yaliletwa na ndugu za baba kutoka kando ya ziwa Tshangalele. Mama aliyakata, akayachemsha katika pipa, akayatwanga kwenye kinu pamoja na mifuko ya saruji iliyolowekwa, kisha uji ule akaumwaga kwenye beseni kubwa la maji. Alizamisha humo fremu ya mbao iliyowambwa kipande cha chandarua, akaiinua taratibu, na juu yake pakabaki utando mwembamba ambao ukikauka ulikuwa karatasi. Masista wa parokia ndio waliomfundisha, kabla sijazaliwa. Madukani miaka ile ya tisini hapakuwa tena na karatasi, wala sukari, wala kingine cha maana, kwa hiyo parokia nzima ilimtegemea kwa kadi za komunyo ya kwanza na za ndoa, na kwa vitabu vya nyimbo alivyovishona mwenyewe kwa uzi wa magunia. Picha alizichonga kwa wembe kwenye vipande vya linoleamu vilivyong'olewa sakafuni mwa ofisi iliyofungwa, akavipaka wino, akalaza karatasi juu na kuisugua mgongoni kwa kijiko. Nilipenda sana ile dakika ya kuibandua na kuona picha imehamia upande wa pili.

Karatasi mbichi hazikuanikwa kwenye kamba. Mama alizibandika kwenye ukuta wa mbele wa nyumba, uliopigwa saruji laini na kutazama jua la asubuhi, akazikandamiza kwa brashi, kisha akapita na kitambaa kikavu kufyonza maji ili zikauke upesi. Zikikauka zilijikunja pembeni na kuachia zenyewe. Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyeishi nasi tangu afiwe na mumewe, aliona ni aibu tupu nyumba ya watu kuvikwa viraka. Alikuwa mwanamke mnene mwenye ulimi mkali, na mama kwake alikuwa "ule wa Kasai" tu, kwa sababu mama alizaliwa huko, mkoa wa mbali wenye lugha yake, na shangazi alikuwa amemchagulia baba msichana wa kando ya ziwa. Waliweza kupika jiko moja siku nzima bila kusemezana.

Kisha neno Kasai likaacha kuwa maudhi ya nyumbani. Lilisemwa redioni, sokoni, hata nje ya kanisa baada ya misa: watu wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi, sikuelewa, maana wengi walizaliwa Likasi na baba zao walizeekea mgodini. Vijana walipita mitaani na vipande vya makaa, wakichora msalaba kwenye nyumba yenye mtu wa Kasai, na baadaye walirudi na marungu na filimbi kuwatoa. Waliotolewa walijazana stesheni wakingoja treni isiyokuja, wakilala chini na watoto wao, na wengine walifia palepale. Darasani madawati yalibaki matupu na mwalimu akaacha kuita majina. Niliogopa mchana kama usiku. Niliogopa kuulizwa jina la mama. Kila jioni nilikuwa naukagua ukuta wetu nikijifanya natafuta mjusi.

Asubuhi moja ya kiangazi, baba akiwa ameenda ziwani kununua samaki wa kuuza kwa kuwa kiwandani kwake hakuna aliyelipwa tena, msalaba ulikuwepo. Ulikuwa mkubwa, mweusi, kando ya mlango. Mama aliutazama, akaleta ndoo na brashi akausugua, lakini makaa yalisambaa kidogo tu kwenye saruji na msalaba ukabaki. Ndipo akaenda kwenye beseni. Alitoa karatasi nene kuliko za kawaida, akabandika juu ya msalaba, akaongeza nyingine juu yake, kisha akaujaza ukuta mzima karatasi ili ile moja isijitenge. Nyumba ikawa kama siku zote za kazi. Brashi ilimdondoka mara mbili, nami nikaanza kulia.

Shangazi alitoka, akaona, akaelewa. Akamwambia mama aingie ndani, chumba cha nyuma, na asikohoe. Halafu, kwa kutaka kusaidia, akachukua kitambaa kikavu na kuanza kufyonza maji kwenye karatasi, moja baada ya nyingine, kama alivyomwona wifi yake akifanya miaka yote. Hakukumbuka kwamba siku hiyo tulitaka zibaki mbichi. Jua lilikuwa limeshapanda, na filimbi za wale vijana zilipoanza kusikika barabarani, pembe ya karatasi iliyofunika msalaba ilikuwa inajikunja. Shangazi akanyakua kata ya maji akairushia, pembe ikalala, ikainuka tena. Walikuwa wameshafika kwenye lango letu. Basi akageuka, akauegemeza mgongo wake mpana kwenye karatasi ile iliyolowa, akakunja mikono kifuani kama mtu anayeota jua.

"Tantine, bibi ya ndugu yako iko wapi?" aliuliza aliyetangulia, akimtafuta mama. Nilimfahamu. Kadi yake ya komunyo ilichapwa na mama.

"Alisha kuenda. Minye mwenyewe nilimufukuza."

"Na hii makaratasi?"

"Ni ya kanisa, ya padri. Unataka kuchafula vintu ya mon père? Chafula, nitakuangalia."

Walicheka. Mmoja alitazama ukutani, karatasi kwa karatasi, na mwingine alisema pengine wamekosea nyumba. Shangazi akawafuata hatua chache akiwatukana kwa uvivu wao, jinsi alivyomtukana kila mtu, na hapo ndipo nilipotaka kufa. Karatasi ilikuwa imenata kwenye blauzi yake iliyolowa. Ilitoka naye ukutani, na makaa yote yalikuwa yamehamia juu yake: msalaba mzima, mweusi, mgongoni mwa shangazi, na yeye hajui. Ukutani pale palibaki kivuli cha kijivu tu. Nilikimbia kutoka mlangoni nikamkumbatia kwa nyuma, uso wangu na kifua changu juu ya makaa, nikamng'ang'ania kiunoni.

"Juu ya nini mutoto analia?" aliuliza yule wa kadi.

"Iko na malaria," alisema shangazi. "Mwende, munamuogopesha."

Wakaenda. Nyumba ya nne baada ya yetu haikuwa na bahati hiyo, na sitaisimulia. Shangazi alipogundua kilichokuwa mgongoni mwake alikaa chini vumbini. Kisha akaingia chumba cha nyuma, akamshika mama mabega na kumwambia, "Kuanzia leo, ile luga yako usiiseme tena hapa. Hata ku mutoto. Hata ku Mungu." Mama akaitikia kwa kichwa. Na kweli hakuisema tena, hata miaka ilipotulia, hata baba alipomsihi, hata shangazi mwenyewe alipoomba msamaha kwa kumpa amri ile. Mimi nilikuwa nimeshika maneno machache ya Tshiluba, lugha yake hiyo, ya kuchota maji na kulala, yakapotea.

Leo nina karakana yangu hapahapa Likasi. Vijana wanajifunza kutengeneza karatasi, kuchonga na kushona vitabu, na wageni hununua kazi zetu na kuzitundika kwenye kuta za majumba yao. Karatasi zangu hukaukia juu ya vioo. Ukutani sizibandiki, na vijana wamezoea kutouliza. Hawajui hofu ile, na namshukuru Mungu kwa hilo, ingawa nyakati nyingine wanavyotaniana kuhusu makabila yao hunifanya niondoke chumbani. Shangazi alishafariki. Mama yupo, mzee sana, na akili yake huenda na kurudi. Ikienda, huongea Tshiluba siku nzima, kwa furaha, kwa mikono, nami hukaa karibu nisielewe hata neno. Juzi alinieleza jambo refu, akacheka, akangoja nijibu. Nilimjibu kwa Kiswahili, lugha pekee niliyopewa, kwamba sijafahamu. Kicheko kikakatika. Alinitazama usoni asinijue, akajikunja ukingoni mwa kitanda, akasema kwa Kiswahili safi cha Likasi, "Minye niko wa hapa, madame. Minye niko wa hapa."