Swali Nililouliza Kwenye Posa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka chakula hakipiti. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mitumba imejaa Kilosa mpaka mbuzi nusura wavae suti. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, na Kidete nzima, kijiji chetu cha kando ya reli, pamoja na treni, ilijua.

Jumapili hiyo kanisani tulikumbuka kukomeshwa kwa utumwa. Nikasoma hotuba yangu kwa sauti ambayo, naapa, ilifika milima ya Vidunda. Binadamu wote ni sawa, nikasema. Nikapigiwa makofi.

Mchana ikaja posa. Yakobo, kibarua wa reli, alimtaka dada yangu Mariamu. Alikuja na bibi yake aliyemlea, maana hakuwa na mkubwa mwingine. Kwetu anayeposa huulizwa ukoo wake unazika wapi. Sasa, bibi wa bibi huyo aliachwa na msafara wa watumwa kando ya mto Mkondoa, mgonjwa, akaokotwa na watu wa pale. Wote tulijua kwamba hawana makaburi ya ukoo. Baba akataka kuliruka swali; mimi, msomi, nikalidaka.

"Bibi, hebu tuambie. Nyie mnazika wapi?"

Wajomba wakacheka chini chini. Bibi akaweka kikombe chini.

"Mama wa mama yangu alikuwa na watoto wawili msafarani. Waliposhindwa kutembea waliachwa porini. Hapo ndipo tunapozika, mjukuu wangu. Siku hizi mnapalima mahindi."

Akamshika Yakobo mkono. "Twende, baba. Wameshatujibu."

Mariamu alikuwa mlangoni na sinia la chai. Akanitazama. "Ile ya asubuhi ulikuwa unamsomea nani?"

Kesho yake nilikwenda kuomba radhi. Bibi aliitikia shikamoo yangu, akanipa kigoda, akaniambia Yakobo ameondoka na treni ya alfajiri. Hakurudi. Shangazi yako Mariamu, ambaye mnamcheka kwa ukali wake, hakuolewa hadi leo.

Basi nisikilize, mwanangu. Kusema kanisani ni rahisi, hata mimi niliweza. Usimuulize mtu asili yake ili umshushe. Hao wafugaji wanaoingia na ng'ombe huku bondeni, nawasikia mnavyowaita, acheni. Akija mmoja kuposa kwako, muulize atamtunzaje binti, kisha umsogezee kiti.

Mungu akupe ulimi mzito pale wenzako wanapocheka, na nyumba ambayo mtu yeyote ataingia bila kuinamisha uso.