Kamera ya Kuonea Ufa

Niliingia duka la kamera kule Deira na kikombe kibovu mkobani, nimekifunga kwa leso. Mjukuu wangu alikuwa kashaniomba ndani ya basi, "Bibi, tafadhali, usikitoe mbele za watu." Nikamwambia nitakitoa. Sikuwa nanunua kamera ya kupigia minara.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya vyombo vya mtumba hapa Dubai. Wageni wakihama huacha makabati yamejaa, na hoteli ikibadilisha vyombo, vya zamani huuzwa kwa maboksi. Nanunua, naosha, nakifunga kila kimoja kwa gazeti, na maboksi yanakwenda bandari ya Hamriya kupakiwa kwenda Unguja. Huko anapokea mdogo wangu wa kike, tumbo moja na mie, ndiye anayeuza barazani kwake. Kabla mzigo haujaondoka, mjukuu wangu alikuwa akipiga picha kwa simu, vyombo vyote vimepangwa juu ya mkeka, anamtumia, naye anaziweka kwenye kundi la wateja.

Vyombo vya mtumba vina kasoro, hilo sijapata kulificha. Kila boksi nilikuwa namwambia mdogo wangu kwa kinywa changu: seti hii nzima, birika hili limemeguka mdomo, kikombe hiki kina ufa, kiuze kwa bei ya ufa. Basi siku moja mpwa wetu akanirushia sauti ya mteja, mwanamke simjui hanijui, anasema: "Yule bibi wa Dubai anatutupia taka zake. Anavaa dhahabu kwa vikombe vyetu vya nyufa." Dhahabu yenyewe ni bangili moja aliyoniachia marehemu mume wangu.

Nikampigia mdogo wangu. Akacheka. "Dada, watu huwajui wewe? Vinavunjika njiani, wanakusingizia. Usijali."

Mie nikajali. Nimeishi mji huu kwa kufua na kupika majumbani mwa watu. Madam akipoteza herini, jicho lake la kwanza linakuja kwako. Nikaishi nimekunja mikono, sigusi nisichoambiwa niguse, na nikatoka kazi hiyo hakuna aliyepata kuniita mwizi. Kisha nije niitwe kwetu, na watu waliokula ubwabwa wa mama yangu? Nikasema nitapiga picha ambayo ufa utaonekana hata na kipofu, tuone nani atasema Dubai kuna aliyeficha.

Simu ilishindwa. Ufa wa kauri ni mwembamba kama unywele, tena ni mweupe juu ya cheupe. Mjukuu akaniambia simu yake inalainisha picha yenyewe bila kuombwa. Nikamwambia basi na simu nayo muongo.

Yeye anafanya kazi kwenye ofisi moja Freezone, eneo la makampuni pale uwanja wa ndege, na alikuwa akitamani kamera kubwa siku nyingi. Tukakubaliana tununue moja, awe nayo siku zake za mapumziko, nami niwe nayo kwa vikombe vyangu. Tatizo, yeye alitaka lenzi ndefu ya kuvuta mbali. Njia nzima tulibishana.

Muuzaji alikuwa kijana wa Nairobi. "Shosho, karibu sana. Unataka ya kupiga nini?"

"Kwanza mie si shosho wako, mjukuu wangu ni huyu. Pili, nataka ya kupiga hiki." Nikafungua leso.

Mjukuu akageuka kutazama mikoba ya ngozi. Kijana akakishika kikombe, akakigeuza. "Lakini watu wakitaka kamera ya karibu, hupiga maua. Hupiga nyuki."

"Nyuki hana wateja. Piga hicho."

Akaleta ya kwanza, ndogo, ya kisasa. Nikatia jicho tunduni, nikaona kitelevisheni kidogo kinametameta. Nikamuuliza kikombe kiko wapi. Akaniambia hizi za sasa hazina kioo ndani, unaona picha iliyotengenezwa na kamera. Nikairudisha. Nikamwambia sitaki kusimuliwa, nataka kuona.

"Basi unataka zile za zamani kidogo," akasema, akafungua kabati la zilizotumika. Akatoa kamera nyeusi, nzito, mpira wake umechakaa mahali pa kidole. Ndani ina kioo, kikombe kinaingia kwenye lenzi, kinagonga kioo, kinakuja jichoni mwako vilevile kilivyo.

"Bibi, hizo zinatoka sokoni, hawazitengenezi tena," mjukuu akaninong'oneza.

"Na mie natoka. Ilete."

Tukabaki na lenzi. Kijana alikuwa na lenzi maalumu ya vitu vidogo, nzuri kweli, lakini hiyo peke yake ilikuwa ghali kuliko kamera, na mjukuu angebaki hana ya kupigia watu. Nilikuwa nafunga leso yangu niondoke, kijana akasema, "Ngoja, shosho. Kuna pete." Akatoa pete tatu nyeusi, tupu katikati, hazina hata kioo. Unazipachika kati ya kamera na lenzi ile ya kawaida inayokuja nayo, lenzi inasogea mbele, basi inaona karibu kabisa. Ukizitoa, inarudi kuwa lenzi ya kila siku.

"Lakini ukizivalisha haioni mbali," akanionya. "Hata mimi nikisimama hapa hutaniona."

"Si hasara."

Hapo ndipo mjukuu wangu alipocheka, na ubishi wa lenzi ndefu ukaishia hapo.

Tukazivalisha. Kijana akapiga, akanionyesha nyuma ya kamera. Ufa ulianza mdomoni, ukashuka mpaka chini ya mkono wa kikombe, na ulikuwa na tawi pembeni ambalo hata mie sikuwa nimeliona. Nikasema khalas, funga hii.

Nyumbani, Al Baraha, tulihangaika kwanza. Flashi ilitia doa la mwanga juu ya kauri, ufa ukapotea. Tukahamia dirishani asubuhi, tukatandika shuka jeupe, kamera juu ya stendi ya miguu mitatu. Tena kwa karibu vile, ukilenga mdomo wa kikombe, nyuma yote inakuwa ukungu. Unapiga upande mmoja, unageuza, unapiga tena. Nikajifunza kuzuia pumzi. Kila kasoro ya mzigo ule niliipiga. Mjukuu akatoa pete, akapiga na seti nzima nzima, akamtumia mdogo wangu zote. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilikaa na simu nikingoja ashukuru.

Sauti yake ikaja jioni. "Dada, hizi za karibu za nini? Nani atanunua kikombe akiona ufa mkubwa kama barabara? Nitumie za mbali, kama zamani."

Nikamjibu, "Si ndiyo wasilalamike?"

"Waache walalamike. Akija mtu na ufa wake namwambia kimevunjika njiani. Akizidi, namwambia dada yangu ndiye kanitupia. Wewe uko Dubai, watakufanya nini?"

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, nyuma yake nasikia mafuta yanakaanga. Nikamwuliza, na vile nilivyokwambia uuze kwa bei ya ufa? Akasema alikuwa akiviuza kwa bei ya vizima, yeye ndiye anayekaa juani, mie nimekaa kwenye kiyoyozi.

Mie na yeye tulilala kitanda kimoja mpaka nilipoolewa.

Nikamwambia mjukuu aweke picha zote za karibu kwenye kundi la wateja, maana na sisi tulikuwamo. Akanikatalia. "Bibi, mpigie kwanza, useme naye." Nikamwambia nimesema naye miaka yote, yalla, weka. Akaziweka. Nami nikatia sauti yangu: hivi ndivyo vyombo vilivyo, hivi ndivyo ninavyomwambia kila mzigo, aliyeuziwa cha ufa kwa bei ya kizima amuulize aliyemuuzia.

Nikadhani jina langu limesafishika. Mpwa wetu ndiye aliyenipigia. "Mama mkubwa, umemuumbua mdogo wako mbele za watu? Mambo ya ndani unayatoa nje?" Wakafuatia wengine, watu wazima. Hakuna hata mmoja aliyesema nimesema uongo. Walisema nina roho mbaya. Yule mwanamke wa dhahabu naye akatuma neno: dada mtu akimfanyia mdogo wake hivi, sisi wengine atatufanyaje?

Mdogo wangu akanitoa kwenye kundi. Idi imekuja imepita, hakunipigia, nami sikumpigia. Vyombo sasa nauza hapahapa, kidogokidogo, kwa wanaokuja kuvishika wenyewe. Kamera anatembea nayo mjukuu wangu. Anapiga bustani na harusi za wenzake, na pete ziko kwenye droo yangu. Juzi alitaka kunipiga picha mie. Nikamwambia akae mbali anavyotaka.

Kikombe nilichokipeleka dukani sikukiuza. Nakinywea chai kila asubuhi, palepale dirishani. Ufa wake naujua mpaka tawi lake, na hakijapata kuvuja.