Nilimkana mama yangu langoni ili nisipoteze nyumba

Admin, naomba ufiche jina langu na mtaa ninaokaa, maana mabinti wa mama mwenye nyumba wangu wanafuata ukurasa huu. Nina miaka ishirini na tisa, nina mume na watoto watatu, naishi Kolwezi. Mume wangu anachimba kwenye mgodi wa Mutoshi, nyumbani huonekana Jumapili tu. Mtakaotaka kunitukana nitukaneni, nimeshajitukana kabla yenu.

Yote yalianzia kwenye nyumba tuliyokaa mwanzo. Mwenye nyumba alikuwa anachimba shimo la choo kipya, akakuta jiwe la kijani, lile lenye shaba. Wa Kolwezi mnajua kinachofuata. Wiki ile ile alileta wachimbaji wakaanza kushuka chini, ukuta wa chumba cha watoto ukapasuka, naye akatuambia tumwachie nyumba yake mwisho wa mwezi kwa sababu shimo linaelekea sebuleni. Nilikuwa na mimba ya miezi minane.

Wiki tatu nilitembea na komisioneri, yule mtu wa kutafutia watu nyumba, miguu imevimba hadi viatu vinakataa. Tukifika huku, wachimbaji kumi wameshachanga kodi na kuingia. Tukifika kule, hawataki watoto. Mwisho akanipeleka kwa mama mmoja mjane, mwenye nyumba ndogo ndani ya parseli, kiwanja chake. Kuta nzima, bomba la maji uani. Kabla ya kugonga lango komisioneri akanishika mkono.

"Mama Gloire, hapa hapana kusema kwenu ni wapi. Huyu mama hapendi tena batu ba Kasai."

Mimi nimezaliwa Kolwezi. Babu yangu aliletwa hapa kutoka Kasai kufanya kazi ya migodi, na hapa ndipo alipozikwa. Tshiluba cha kwetu nakiongea kwa kukwaa. Lakini nimekulia kwenye hadithi za mama yangu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi sijazaliwa, yeye na wenzake walifukuzwa mji huu kwa sababu ya asili yao. Aliacha nyumba yake na masufuria jikoni, akapanda treni na mtoto mgongoni. Alirudi baada ya miaka michache, nyumba ikiwa na watu wengine. Hakudai kitu.

Basi yule mjane alinitazama tumbo, akanipa kiti. "Mi sina roho mubaya," akasema. "Lakini Mukasai mwenye alikaa humu alinipeleka hata ku tribunal, ananiambia nyumba ni yake. Weye unatoka fasi gani?"

Nikajibu bila kumeza mate. "Kasaji, mama. Baba alitumikaka ku reli."

Kasaji, mji mdogo wa jimbo hili hili kwenye njia ya reli, nilikuwa nimeenda mara mbili tu kununua mahindi. Uso wa yule mama ukafunguka. "Kasaji? Basi uko mutoto wetu." Jioni ile tulihamisha vitu. Mume wangu aliposikia akasema, "Batoto balale kwanza." Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina mwaka na nusu sasa.

Na huyo mama ni mtu mwema, hapo ndipo ninapoumia. Nilipojifungua alinikanda kwa maji ya moto kama mwanawe.

Sasa sikilizeni dhambi yangu. Mama yangu anakaa Kamina kwa kaka yangu. Jumapili moja, baada ya ibada, nasikia lango linagongwa. Ni yeye, hakutoa taarifa, ana vumbi hadi kwenye nyusi na kikapu cha matamba, majani ya muhogo, kichwani. Akanisalimu kwa lugha ya kwetu, "Moyo, moyo," mikono ameifungua. Nyuma yangu mama mwenye nyumba akatoka uani. "Mama Gloire, ni nani?"

Nikasema, "Ni mama wa kanisa. Anakuyaka kuuzisha matamba."

Mama yangu aliteremsha mikono. Alikuwa ameelewa yote. Akashusha kikapu, akachuchumaa, akaanza kupanga vile vifungu alivyoniletea mimi na wajukuu zake. "Ndiyo, madame, ni ya leo asubuhi." Mama mwenye nyumba akachagua viwili, na mama yangu akamwongezea kimoja cha matabishi, kama muuzaji wa kweli. Gloire, mtoto wangu mkubwa, alitaka kumkimbilia, nikamfinya bega hadi akalia. Mama alijitwika kikapu kilichobaki, akaniambia, "Bakia muzuri, madame," akaenda. Sikumpa hata maji ya kunywa. Siku ile alilala kanisani, nilikuja kujua baadaye.

Tangu hapo hatukuligusa jambo lile. Wiki iliyopita kaka alipiga simu: Mama anakohoa damu, hospitali ya Kamina imemwandikia aje Kolwezi, na atakaa kwangu kwa sababu mimi ndiye binti. Jumamosi atapanda gari. Mume wangu anasema tukikiri tutatolewa, na kwa nyumba za sasa tutalala wapi na watoto watatu, mmoja bado ananyonya? Nikaomba niongee na Mama mwenyewe. Sauti yake imekuwa nyembamba sana.

"Usiogope, mwanangu," akaniambia. "Ule mama akiuliza, mi nitasema niko mama wa kanisa. Na matamba nitabeba."

Mgonjwa wa kifua, na kikapu kichwani, ili mimi nisifukuzwe kama alivyofukuzwa yeye. Tangu simu ile sijaweza kumtazama mama mwenye nyumba usoni, na jana aliniuliza yule muuzaji wa matamba atarudi lini.

Ndugu zangu, nishaurini kabla ya Jumamosi. Akifika pale langoni, nimwite nani?