Kikao Kisichofungwa

Seline Ondiek amefagia ukumbi huo wa Kisumu tangu usichana wake, na hapendi mchezo. Leo wanakaa humo wawakilishi wa kaunti. Zamani lilikaa bunge la jimbo, kabla Nairobi haijajinyakulia mamlaka yote. Wajumbe wale walitawanyika bila hata kuagwa, na wote sasa ni marehemu.

Lakini kila asubuhi Seline hukuta viti vina joto, kama vya watu walioinuka sasa hivi.

Kwao Kombewa, marehemu msumbufu huamriwa aondoke. Haombwi, wala haulizwi maoni. Basi asubuhi moja Seline akagonga ufagio sakafuni.

"Wazee, bunge lilivunjwa! Nendeni nyumbani!"

Akagusa kiti cha mbele: bado kina joto. Hapo hasira ikamponza. Alikuwa amesikiliza vikao vingi mno, akajikuta anafoka kama spika:

"Wanaokubali kwenda, waseme ndiyo!"

Hakujibu mtu. Alijua anapaswa kunyamaza hapo hapo, ila ulimi hauna mfupa.

"Wanaopinga?"

"Ooyo!" Viti vyote vikakataa kwa Kijaluo, hata kigoda chake mwenyewe pale mlangoni.