Mama mwenye nyumba akutana na jitu chumbani kwa Wendelin

Saa nane mchana, Jumapili. Mashine za kukoboa mpunga zimezimwa, na Wendelin Matimbwa, anayeendesha mojawapo siku sita za wiki, anafuta meza chumbani kwake Lipangalala, Ifakara. Pumba bado zimo nyweleni. Leo ana mgeni, na mgeni huyo akiondoka na hasira, Wendelin, mkewe Getrude na watoto wao wawili watatafuta pa kulala pengine.

Mgeni ni Mama Paskazia, mwenye nyumba. Kwa miezi kadhaa amesikia kila Jumapili mlango ukifungwa, kisha dadu zikigonga meza na wanaume wakipiga kelele.

"Nimekuja kuona kwa macho yangu," anasema akivuta kiti. "Nikiona kamari, mnahama."

Mchezo wenyewe Wendelin aliupata mwaka 1994, alipokuwa akibeba mizigo ya watafiti wa kigeni katika milima ya Udzungwa, juu ya Mang'ula. Mvua iliwafungia hemani, wakamwita acheze nao. Hakuna ubao wala karata. Mmoja anasimulia safari. Wengine kila mmoja anajifanya mtu aliyemo safarini na kusema atakachofanya. Penye mashaka, dadu huamua.

"Mwanzoni nilidhani homa imewapanda," anakumbuka. "Mtu na shahada zake anasema yeye ni mchawi! Kufika jioni mimi nilikuwa mwindaji, na sikutaka tulale."

Walipoondoka walimwachia dadu mbili. Majumba ya mawe ya Kizungu yaliyojaa katika safari zao aliyaacha kulekule hemani. Safari zake yeye hupita mashamba ya mpunga ya Mchombe na madimbwi ya viboko.

"Utakuwa nani, mama?" anauliza sasa.

"Mimi ni Paskazia. Umri huu nijifanye nani?"

Sylvester, mvuvi, na Nassib, fundi baiskeli, wachezaji wake wa kila Jumapili, wanacheka chinichini. Wendelin anakubali: Paskazia awe Paskazia. Anaanza kusimulia. Wamefika mtoni, mto umefurika, na mtumbwi pekee unalindwa na jitu. Nassib anasema anachomoa panga. Anarusha dadu, zinamkataa. Jitu linamtupa topeni.

"Hilo jitu lina umri gani?" anauliza Mama Paskazia.

"Limezeeka sana."

"Kunizidi mimi?"

"Kwa mbali, mama."

"Basi naliamkia. Shikamoo."

Tangu Wendelin aanze kusimulia, hakuna mchezaji aliyewahi kuliamkia jitu. Anajibu kwa sauti nzito ya tumboni: "Marahaba."

"Nina wajukuu ng'ambo. Nivushe."

Wendelin anamsogezea dadu. Mama anazitazama kama zitamuuma. "Nikirusha nashinda nini?"

"Hushindi kitu, mama. Tutajua tu kama limekubali."

Anarusha. Moja na mbili, hazitoshi. Jitu limekataa.

"Limekataa?" Mama Paskazia anasimama. "Nimeliamkia, likaitika, halafu linakataa? Liambie halina adabu!"

Chumba kinaangua kicheko. Yeye anakunja uso kidogo, kisha naye anacheka mpaka anafuta machozi kwa upindo wa khanga. Getrude, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, anaketi.

"Hii si kamari," anaamua Mama Paskazia. "Sasa mlango mnaufungia nini?"

Wendelin anainamisha kichwa. "Aibu, mama. Baba wa watoto, natoa sauti ya jitu. Wakinisikia watanicheka mpaka mashineni."

"Basi maneno ya watu mmejiletea wenyewe."

Hukumu yake ni fupi. Familia inabaki. Lakini kuanzia Jumapili ijayo meza iwekwe barazani, mtaa mzima uone kinachochezwa, na yeye atakuwa wa kwanza kuketi, kwa sababu lile jitu hajamalizana nalo.

Wendelin ana mpango wa kuupeleka mchezo Mchombe baada ya mavuno, wakulima wanapopumzika. Mtihani wa kwanza, hata hivyo, ni wa barazani, na hafichi kwamba anauogopa.

"Sijawahi kuongea mbele ya watu, hata kwenye harusi yangu walinisemea," anasema. "Lakini watoto wangu wanalala hapa. Nitanguruma."